Wasomaji Wanauliza: Jile, Mtumbwi na Mvuvi wa Ndoano

Tangu boti iliyotoka Minova ilipozama tarehe 3 Oktoba 2024 karibu kabisa na bandari ya Kituku mjini Goma, kwenye Ziwa Kivu, watu wakiitazama kutoka nchi kavu, maswali kuhusu jaketi la kuokolea, lile ambalo hapa Goma na Bukavu wengi wanaliita jile tu, hayajaisha. Mwezi huu tumechagua ya wavuvi wa ndoano. Wao hutoka wawili watatu kwa mtumbwi, gizani bado, na hakuna anayewahesabu wakiondoka.

Nilinunua jile nyekundu yenye maandishi 50N. Muuzaji aliniambia maana yake inabeba mtu wa kilo 50. Mimi nina kilo 82. Itanibeba kweli?
*Mvuvi wa Himbi, Goma*

Muuzaji amechanganya mambo, Papa. N ni nyutoni, kipimo cha nguvu. Nyutoni 10 ni kama kuinua kilo 1, kwa hiyo 50N inakuinua kwa kilo 5 hivi, basi. Usishtuke. Ndani ya maji mwili hauna ule uzito wa kwenye mizani: mtu mzima anahitaji kuongezewa kilo 3 hadi 5 tu ili kichwa chake kibaki nje. Ndiyo maana kijijile chembamba kinaweza kumwelesha mtu wa kilo 82, na ndiyo maana mtu mwenye mafuta mwilini huelea kirahisi kuliko kijana mkavu mwenye misuli mitupu.

Kwa hiyo 50N itakubeba. Haitakugeuza, na hapo ndipo shida ilipo. Ukianguka umegonga kichwa kwenye ukingo wa mtumbwi, au umezimia, utaelea kifudifudi, uso ndani ya maji, na jile yako ikiwa safi na imefungwa vizuri. Daraja hilo limetengenezwa kwa mtu anayejua kuogelea, aliye macho, karibu na ufuko, na mwenye wa kumchukua upesi.

Daraja la 100 lina kola nyuma ya shingo na povu nyingi zaidi kifuani kuliko mgongoni. Mpangilio huo ndio unaomgeuza aliyezimia alale chali, mdomo juu ya maji. Hilo ndilo tunalomshauri mvuvi wa Kivu avae. Daraja la 150 ni la maji makubwa yenye mawimbi na kwa mtu aliyevaa nguo nzito. Likiwa la povu ni nene, na kutupa ndoano ukiwa nalo ni kazi. La 275 ni la baharini, kwa wanaobeba vifaa vizito. Liache huko.

Kabla ya kuangalia namba ya daraja, angalia ndani ya jile, kwenye kitambaa kilichoshonwa karibu na shingo. Pawe na uzito wa mvaaji (kwa mfano kilo 70 na zaidi), duara la kifua kwa sentimita, na alama ya kiwango, mara nyingi ISO 12402. Jile isiyo na kitambaa hicho ni nguo ya rangi tu mpaka uipime mwenyewe.

Nitapimaje? Sokoni zote zinafanana.
*Msomaji wa Nguba, Bukavu*

Anza na vidole. Minya povu kwa nguvu, hesabu mpaka kumi, achia. Povu nzuri hurudi mara moja. Ikibaki na shimo, imechoka. Ikitoa sauti ya kuvunjika kama biskuti, imekauka na kupasuka ndani. Na ikiwa laini sana kama godoro, basi huenda ni godoro kweli: watu hushona jile kwa sifongo ya matela, ambayo vijumba vyake vya hewa viko wazi. Sifongo hiyo huelea dakika chache za kwanza, ikakudanganya, halafu hunywa maji na kuwa mzigo. Povu ya jile ina vijumba vilivyofungwa, kila kimoja peke yake, na maji hayana pa kuingilia.

Halafu ipime kwa maji. Chukua pipa lililojaa, au nenda ufukoni mahali maji yanapofika kifuani. Fungia jile kipande cha chuma chenye kilo sawa na namba ya daraja gawanya kwa kumi: jile ya mtu mzima ya 100N kwa chuma cha kilo 10, ya 50N kwa chuma cha kilo 5. Chuma cha kilo 10 kikizama hubaki na uzito wa kama kilo 8.7, kwa hiyo jile nzima inatakiwa kukishikilia na sehemu yake ndogo ibaki juu ya maji. Iache usiku kucha. Asubuhi ikiwa imezama, au imeshuka sana kuliko ulivyoiacha jioni, ichome moto. Usimuuzie mtu mwingine.

Watu wa Goma, tafadhali, msipime kwa jiwe la lava. Limejaa matundu, na la kilo 10 likiingia majini linaweza kubaki na kilo 6 tu au hata chini yake. Jile mbovu itafaulu mtihani huo bila shida.

Mwisho kagua mikanda. Vuta kila klipu kwa mikono miwili, mshtuko mmoja wa nguvu. Kwaruza kitambaa kwa ukucha: kikitoa unga wa rangi, au uzi ukikatika, jua limekwisha kukila. Ziwa letu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na karibu na ikweta, kwa hiyo jua la hapa huchoma nguo haraka kuliko wengi wanavyodhani. Jile inayolala juu ya mtumbwi mwaka mzima huzeeka upesi kuliko ile inayoning'inizwa ndani ya nyumba, kivulini.

Mimi mzaliwa wa Idjwi, nimeogelea tangu utoto. Jile inanibana ninaporusha uzi. Siwezi kuiweka karibu nami tu na kuivaa hali ikiwa mbaya?

Ndugu, jaribu jambo moja ufukoni, mahali maji hayapiti shingo. Ingia na suruali, shati na koti la mvua. Mwambie mwenzako akurushie jile ambayo haijafunguliwa, uivae na kuifunga bila kukanyaga chini. Wanaojaribu wengi huhitaji mikono yote miwili, na mikono hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwaelesha. Hapo maji yametulia, hakuna wimbi, hakuna giza, na hukumeza funda la maji ulipoanguka.

Mvuvi wa ndoano haanguki kama abiria wa boti. Abiria hupinduka pamoja na chombo. Mvuvi huanguka peke yake: amesimama kumvuta kambale, uzi umekatika ghafla, amekwenda nyuma. Au ameinama kung'oa nanga iliyokwama. Au, na hili watu hawapendi kulitaja, amesimama ukingoni kujisaidia haja ndogo saa kumi za usiku, na pengine pombe ya kasiksi ya jioni ingali kichwani. (Beba kopo. Ni jambo la aibu kidogo, lakini linaokoa.) Mtumbwi uliopunguziwa mtu mmoja ni mwepesi, na upepo huusukuma upesi. Mwogeleaji mzuri aliyevaa nguo anaweza kushindwa kuufikia.

Marekani, walinzi wa pwani huandika kila mwaka ripoti ya ajali za boti ndogo za starehe na uvuvi. Mwaka baada ya mwaka, katika waliokufa maji ambao hali yao ya jile inajulikana, zaidi ya asilimia 80 hawakuwa wameivaa. Mara nyingi jile ilikuwemo chomboni.

Kuhusu kubana: huenda umenunua jile ya abiria, ile ya mraba ya rangi ya machungwa. Tafuta iliyokatwa kwa wavuvi au wapiga makasia, yenye matundu mapana ya mikono na povu fupi mabegani. Ukikosa ya daraja la 100 ya namna hiyo, wewe unayeogelea vizuri vaa hiyo ya 50N nyepesi, mchana, karibu na ufuko, mkiwa wawili. Jile ndogo iliyo mwilini inashinda kubwa iliyo chini ya kiti.

Je, mabuti ya mpira humvuta mtu chini?
*Swali fupi kutoka Minova*

Hapana. Maji yaliyo ndani ya buti hayana uzito ukiwa ndani ya maji. Lakini mguu wenye buti haupigi maji vizuri, na ukitaka kupanda mtumbwini unainua lita kadhaa kwa kila mguu. Vaa buti kubwa namba moja kuliko mguu wako ili livuke kwa kulisukuma kwa mguu wa pili.

Mwanangu ana miaka 5, kilo 17. Tunavuka mara kwa mara kwenda kwa bibi yake. Nimwekee jile ya mtu mzima na kumfunga vizuri kwa kamba?
*Mama wa Ibanda, Bukavu*

Hapana, Mama. Jile ya mtu mzima itapanda juu na mtoto atateleza chini yake. Kamba haizuii hilo, bali yaweza kumkaba. Usinunue pia ya kilo 30 kwa hesabu ya kwamba atakua nayo. Kiatu kikubwa mtoto anakivumilia, jile kubwa humvuka.

Angalia mambo matatu. Kwanza uzito ulioandikwa, umfikie yeye leo. Pili, mkanda unaopita katikati ya mapaja na kufungwa mbele. Bila huo, jile ya mtoto ni bure, kwa sababu mtoto hana mabega wala nyonga za kuizuia isipande. Tatu, kola kubwa nyuma ya kichwa yenye mpini wa kushikia. Kichwa cha mtoto ni kizito ukilinganisha na mwili wake, ndiyo maana hupinduka uso chini kirahisi. Mpini ni wa wewe kumwopolea kwa mkono mmoja.

Mvalishe, funga yote, kisha shika jile mabegani na uinue mtoto kidogo kutoka chini. Ikipanda mpaka masikioni, kaza au tafuta ndogo. Kwa mtu mzima jaribio ni hilo hilo: nyanyua mikono juu, mwenzako avute mabega ya jile, isipande zaidi ya upana wa vidole vinne.

Kisha, siku ya jua, mwingize majini nayo ukiwa umemshika. Mtoto ambaye hajawahi kuelea nayo hutaka kusimama wima, hupiga kelele na kuivuta shingoni. Akizoea kulala chali mara mbili tatu, hofu inapungua.

Kaka yangu yuko Brussels, amenitumia jile ya kujijaza yenyewe. Ni nyembamba kama mkanda. Niiamini? Na hapa juu milimani gesi yake itafanya kazi?
*Mvuvi wa Katindo, Goma*

Ni chombo kizuri kwa mtu anayekitunza, na kibaya kwa mtu anayekivaa tu.

Ndani kuna mfuko wa hewa uliokunjwa na chupa ndogo ya chuma ya gesi ya kaboni dayoksaidi. Ya mtu mzima ya 150N kwa kawaida hubeba gramu 33. Ukivuta kikamba, sindano hutoboa chupa na mfuko hujaa kwa sekunde chache. Zile zinazojijaza zenyewe zina kidonge kinachoyeyuka kikilowa, kisha springi inasukuma sindano. Urefu wa mlima usikutie wasiwasi: hewa ya Goma ni nyepesi kuliko ya pwani ya bahari, kwa hiyo gesi ile ile hutanuka zaidi hapa. Gramu 33 hutoa kama lita 18 pwani, na lita 21 hivi kwetu. Mfuko wa 150N unahitaji kama 15.

Sasa matunzo. Fungua kifuniko, ifungue chupa kwa kuizungusha, uiangalie mdomoni. Ikiwa na tundu, imekwisha kutumika. Ikiwa nzima, ipime kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu: uzito kamili umechongwa juu ya chupa yenyewe, na ikipungua zaidi ya gramu 2, imevuja. Irudishe na uikaze kwa mkono. Chupa iliyolegea ndiyo kasoro ya kawaida kabisa ya jile hizi. Hulegea yenyewe kwa mtikisiko wa moteri. Kisha jaza mfuko kwa mdomo kupitia kile kimrija cha begani mpaka uwe mgumu, uache saa 24. Ukilegea, una tundu. Toa hewa kwa kugeuza kofia ya kimrija na kuibonyeza, usitumie msumari. Fanya hivyo kila baada ya miezi mitatu, na angalia tarehe iliyoandikwa kwenye kidonge.

Ikifyatuka mara moja, inahitaji chupa na kidonge vipya. Mwambie kaka yako akutumie seti mbili za ziada za modeli hiyo hiyo, na aulize kwanza jinsi ya kuzituma, maana chupa za gesi haziwekwi mzigoni kwenye ndege bila ruhusa ya shirika. Bila vipuri, jile yako ni ya safari moja.

Usimpe mtoto, wala mtu asiyejua kuogelea. Usiivae ndani ya koti: ikijaa itakubana mbavu, au itashindwa kujaa. Na kama unavua karibu na taa za moto au unavuta sigara, fahamu kwamba cheche moja inatosha kutoboa mfuko. Povu haina tabia hiyo.

Wazee wanasema jile haielei vizuri Kivu kwa sababu ya gesi iliyo chini. Ni kweli?
*Mwanafunzi wa Bukavu*

Gesi ipo, tena nyingi sana, kaboni dayoksaidi na methani, lakini imeyeyuka ndani ya maji ya kina, kwa wingi chini ya mita 250. Maji ya juu unakovua hayana mapovu ya kupunguza kuelea. Wazee hata hivyo wameona jambo la kweli na kulipa sababu nyingine: katika maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, mtu huelea kidogo kuliko baharini. Kwa mtu wa kilo 80 tofauti hufika karibu kilo 2. Mtu aliyejifunza kulala chali kule Mombasa akija Kivu atashangaa miguu yake ikizama.

Gesi ya kuogopwa na mvuvi iko kando ya ziwa. Mazuku, ile kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini upande wa Goma na Sake, ni nzito kuliko hewa. Hujikusanya mashimoni na kwenye vijibonde vya ufukoni usiku ukiwa na utulivu, na asubuhi kabla jua halijapiga. Huioni, na mara nyingi huinusi. Usilale kwenye bonde la ufukoni ukisubiri alfajiri, usichutame kwenye shimo la lava kuchimba chambo, na ukimwona mbuzi au panya amekufa hapo bila jeraha, ondoka kwa kupanda juu. Mtu akianguka ndani, usimfuate kwa kuinama: wengi waliokufa kwa mazuku walikuwa wameingia kumwokoa wa kwanza.

Tuko watu watano, mtumbwi wa mbao wa mita 6 na upana wa mita 1, moteri ndogo nyuma. Tunafunga nanga tukivua. Tunafanya sawa?
*Kikundi cha vijana, Kalehe*

Watano ni wengi. Kuna hesabu inayotumiwa Marekani kwa boti ndogo za moteri: urefu mara upana kwa mita, zidisha kwa 0.7. Kwenu inatoka 4, tena kwa boti yenye tumbo pana. Mtumbwi mwembamba ni mwepesi zaidi kupinduka. Tokeni watatu na vifaa. Hesabu yenyewe ni ya siku tulivu, kwa hiyo angalieni pia ukingo: kutoka kwenye maji mpaka mahali pa chini kabisa pa ukingo, mkiwa wote mmekaa, pawe na sentimita 30. Mkono wazi, kidole gumba mpaka kidogo, ni kama 20. Mkono mmoja na nusu, basi.

Mizigo iwe chini sakafuni, katikati. Bidoni ya petroli ifungwe. Anayerusha uzi arushe ameketi. Anayetaka kusimama, wenzake wakae.

Nanga sasa. Mtu akituambia "tunafunga nanga" tunauliza kwanza: upande gani? Isiwe nyuma kamwe. Nyuma ndiko ukingo ulipo chini na ndiko uzito wa moteri na wa anayeiendesha. Wimbi likija, nyuma hainuki, kamba inaizuia, maji yanaingia, na wimbi la pili linakuta mtumbwi mzito tayari. Nanga ifungwe mbele, kamba iwe na urefu mara 5 hadi 7 ya kina, na kisu kiwe karibu. Kivu hushuka ghafla: hatua chache kutoka ufukoni kina kinaweza kuwa makumi ya mita, na katikati hufika zaidi ya mita 470. Huko nanga haina maana. Tumieni nanga ya maji: gunia imara au ndoo iliyotobolewa tundu dogo chini, imefungwa mbele kwa kamba ya mita 10 hadi 15. Huupunguzia mtumbwi mwendo na kuuelekeza pua kwenye upepo.

Na ile kamba nyekundu ya kuzimia moteri, inayoning'inia bila kazi kwenye moteri nyingi tunazoziona Kituku: ifungwe kwenye jile ya anayeendesha. Akianguka, moteri inazima. Isipozima, mtumbwi usio na mtu huzunguka duara na kurudi juu ya aliye majini, na propela yake ikizunguka.

Ni saa ngapi ziwa ni salama?
*Msomaji wa Keshero, Goma*

Hakuna saa iliyo salama, kuna saa zenye nafuu. Kati ya saa 12 na saa 4 asubuhi maji mara nyingi hutulia. Kiangazi, Juni mpaka Agosti, upepo wa kusini-mashariki hupata nguvu mchana, na mawimbi hukua kadiri upepo unavyopita juu ya maji mengi bila kizuizi. Ndiyo maana siku ile ile Bukavu ndani ya ghuba patulivu, ufuko wa Goma unapigwa. Masika hatari ni radi. Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka ngurumo, gawanya kwa 3, utapata kilomita. Sekunde zikiwa 30 au chini yake, uwe njiani kurudi, usisubiri mvua. Fimbo za kaboni zilazwe chini, maana hupitisha umeme.

Mtumbwi umepinduka. Tufanye nini, kwa mpangilio?
*Mvuvi wa Nyamukubi*

Hesabuni vichwa kwanza, kwa sauti. Kisha kila mmoja ashike mtumbwi. Wa mbao hata ukijaa maji huendelea kuelea. Wa chuma unahitaji masanduku ya hewa au bidoni tupu zilizofungwa chini ya viti, kila bidoni ya lita 20 iliyofungwa vizuri ikiinua karibu kilo 20.

Msiogelee kwenda ufukoni. Ufuko unaonekana karibu kwa sababu macho yako yako juu ya maji kwa sentimita chache tu na hakuna kitu katikati cha kupimia. Mtumbwi uliopinduka huonekana na boti nyingine. Kichwa cha mtu hakionekani.

Ukiweza kuugeuza, wawili washike pande tofauti, wauyumbishe maji yamwagike, kisha mmoja apande kutokea mwisho wa mtumbwi, si ubavuni, akijitupa kifudifudi, huku mwenzake akining'inia upande wa pili kuusawazisha. Achote maji mpaka nusu kabla wa pili hajapanda. Kichoteo bora ni bidoni ya lita 5 iliyokatwa mshazari, imefungwa kwa kamba kwenye kiti. Isiyofungwa itakuwa imekwisha kuondoka na maji.

Ikishindikana, tulieni. Maji ya juu ya Kivu ni kama nyuzi 23 mpaka 25. Hayaui kwa dakika, lakini hunyonya joto la mwili haraka mno kuliko hewa, na baada ya saa kadhaa za usiku vidole havishiki tena. Kunja magoti kifuani, mikono ubavuni; mkiwa wengi, kumbatianeni kifua kwa kifua, mtoto katikati. Msivue nguo. Filimbi ifungwe kwenye zipu ya jile: milio mitatu, pumzika, milio mitatu. Sauti ya kupiga kelele hukauka mapema.

Kwa ufupi

*Mvuvi wa sambaza, Goma:* Taa zenu za kuvutia samaki hazitoshi kama alama mnapozizima kurudi. Weka taa moja nyeupe juu ya mti, ionekane pande zote. Boti za kasi za Goma–Bukavu hazioni mtumbwi mweusi.

*Msomaji wa Lubumbashi anayevua Tshangalele:* Yote ya jile yanakuhusu, na ziada moja: ziwa hilo halina kina, na maji mafupi huinua mawimbi makali ya karibu karibu kwa upepo mdogo kuliko Kivu. Ukipita palipo na viboko, pita mbali nao, usikae kati yao na maji ya kina wala kati ya mama na mtoto.

*Aliyeuliza kamba ya kumrushia mtu:* Mita 15 za ile ya plastiki, ya bluu au njano, kwa kuwa huelea. Nailoni huzama na kujisokota kwenye propela. Mwishoni funga bidoni ya lita 5, uitie maji kiasi cha glasi mbili ili iruke mbali na isipeperushwe. Rusha ipite kichwa chake, kisha uivute imfikie mkononi.

*Aliyeuliza kufua jile iliyonuka samaki:* Maji na sabuni ya kipande, brashi laini. Petroli hapana, huharibu povu. Ianikwe kivulini, na usiku itundikwe juu, kwani panya wanapenda mikanda yenye harufu ya sambaza.